Dominika ya 32 ya Mwaka B: Mjane wa Sarepta na Bibi wa Nchi ya Ngano



Masomo ya leo yanatuweka mbele ya wanawake wawili ambao Maandiko Matakatifu hayakutupa majina yao. Wa kwanza ni mjane wa Sarepta, ambaye habari zake zimo katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 17. Nabii Eliya alimkuta kwenye lango la mji akiokota kuni, na wala si mzigo wa kuni, bali vijiti viwili tu. Alikuwa amebakiwa na unga wa kujaza kiganja na mafuta kidogo chupani, naye alikuwa amekwisha kuipanga siku yake: atapika, atakula pamoja na mwanawe, kisha watangoja kufa. Wa pili ni yule mjane wa hekaluni, katika Injili ya Marko, aliyetia sarafu mbili ndogo katika sanduku la hazina.

Tumezoea kuhubiri juu ya ukarimu wa wajane hawa, na ni haki. Lakini katika Injili ya leo kuna neno ambalo mara nyingi tunalipita upesi. Kabla ya kumwonyesha mjane, Bwana wetu anawaonya watu juu ya wakubwa wanaozila nyumba za wajane. Marko ameyaweka mambo hayo mawili jirani, wala hatudhani kwamba aliyaweka hivyo bila kusudi. Umaskini wa mjane una historia. Yupo aliyekula nyumba yake kabla hajafika hekaluni na sarafu zake.

Mwezi huu wa Novemba, Kanisa linapotualika kuwakumbuka marehemu, tunapenda kumweka mwanamke wa tatu pamoja na hao wawili. Ni mkulima wa nchi ya Ukraine, mke wa mkulima, mama na hatimaye bibi. Naye hatumtaji jina, kwa maana si mmoja. Maisha yake tumeyaunga kutoka katika ushuhuda wa wazee wengi wa taifa lile. Ushuhuda huo ulikusanywa katika miaka ya 1980 na tume iliyoundwa na Bunge la Marekani, ambayo kazi zake ziliongozwa na mwanahistoria James Mace, ikiwahoji walionusurika waliokuwa wamehamia ng'ambo. Baadaye ulikusanywa na Waukraine wenyewe walipopata ruhusa ya kusema.

Tuseme basi kwamba alizaliwa karibu na mwaka 1906, katika kijiji cha upande wa Poltava. Ardhi ya huko ni nyeusi kama makaa, nao wenyeji huiita chornozem, yaani udongo mweusi. Ni kati ya ardhi zenye rutuba kuliko zote duniani. Humo humea ngano, shayiri, alizeti na viazisukari. Nyumba yake ilikuwa ya udongo uliokandwa pamoja na majani makavu na samadi, kisha ikapakwa chokaa, na juu yake paa la nyasi. Kila mwaka kabla ya Pasaka akina mama waliipaka upya kwa mikono yao. Akina mama wetu wanaokandika nyumba zao wangeelewana naye bila mkalimani.

Ndani ya nyumba hiyo palikuwa na tanuri kubwa la udongo. Lilioka mkate, lilitia joto, na wakati wa baridi kali watoto na wazee walilala juu yake. Katika pembe ya heshima zilitundikwa picha takatifu za Bwana na za Mama wa Mungu, zikiwa zimezungushiwa kitambaa cha kitani alichokitarizi mwenyewe kwa nyuzi. Mgeni alipokelewa kwa mkate na chumvi juu ya kitambaa cha namna hiyo. Na kipande cha mkate kikianguka sakafuni, mtoto alifundishwa kukiokota na kukibusu.

Mama huyu alikuwa Mwortodoksi, si Mkatoliki. Upande wa magharibi wa nchi ile wako ndugu zetu Wakatoliki wa ibada ya Kibizanti, ambao Kanisa lao lilipigwa marufuku mwaka 1946 na kuishi mafichoni hadi mwaka 1989. Habari zao zinastahili Dominika ya peke yake. Leo tunabaki na huyu. Ubatizo wake ni ubatizo ule ule, na wafu wake ni wafu wa Bwana.

Akaolewa, akazaa watoto wanne. Kuanzia mwaka 1929 serikali ya Kisovyeti chini ya Stalin iliwalazimisha wakulima kutoa mashamba, farasi na ng'ombe wao ili viwe mali ya mashamba ya ushirika yaliyoitwa kolkhozi. Waliokataa, au walioonekana kuwa na nafuu kidogo kuliko jirani zao, waliitwa wanyonyaji, wakafukuzwa katika nyumba zao, na wengi wakapelekwa Siberia na sehemu za kaskazini. Wasikilizaji wetu wa Tanzania wenye umri mkubwa watakumbuka vijiji vya miaka ya 1970. Tunawasihi wasilinganishe kwa haraka, kwa maana huko Ukraine kilichofuata kilikuwa jambo jingine.

Kengele za kanisa ziliteremshwa zikayeyushwa. Makanisa mengi yalifungwa, na katika vijiji vingi jengo la kanisa likafanywa ghala la nafaka. Hebu tulitafakari jambo hilo kidogo, ndugu wapenzi. Pale walipokuwa wakipokea Mkate wa Uzima pakalundikwa ngano ambayo wao wenyewe waliilima, na mlangoni akawekwa mlinzi mwenye bunduki ili wasiiguse.

Tarehe 7 Agosti 1932 ikatolewa sheria ya kulinda mali ya ushirika. Mtu aliyechukua nafaka ya shamba aliweza kupigwa risasi, au pakiwa na sababu za kumpunguzia adhabu, kufungwa kwa muda usiopungua miaka 10. Watu wakaiita sheria ya masuke matano, kwa kuwa hata masuke machache yaliyookotwa baada ya mavuno yaliweza kumfikisha mama gerezani. Wakatekista wanaotusikiliza wanajua vizuri yaliyoandikwa katika Kitabu cha Walawi, sura ya 19: mvunaji asiyarudie masazo ya shamba lake, bali awaachie maskini na mgeni. Ruthu Mmoabu aliokota masuke nyuma ya wavunaji wa Boazi, na kutoka katika uzao wake alizaliwa mfalme Daudi. Sheria ya Mungu inaamuru masazo yaachwe. Sheria hii iliamuru aliyeyaokota aadhibiwe. Hatuhitaji maelezo marefu kujua ilitoka roho gani.

Kisha yakaja makundi ya kupekua. Walipita nyumba kwa nyumba wakiwa na fimbo ndefu za chuma zenye ncha, wakichoma sakafu ya udongo, kuta, bustani na majivu ya tanuri, wakitafuta kilichofichwa. Mwishoni mwa mwaka 1932 hawakuchukua ngano peke yake. Walichukua maharagwe, viazi, hata kilichokuwa kinachemka chunguni. Tarehe 22 Januari 1933 ikatolewa amri ya kuwazuia wakulima wa Ukraine wasitoke kwenda kutafuta chakula mahali pengine. Waliokamatwa vituoni na njiani walirudishwa vijijini mwao.

Tukumbuke sasa Sarepta. Pale aliyekuja kuomba unga wa mwisho alikuwa nabii, naye aliomba kwa upole na kuahidi kwa jina la Bwana. Hapa waliokuja hawakuomba. Na baadhi yao hawakuwa watu wa mbali. Walikuwa wa kijiji kile kile, waliobatizwa katika kisima kimoja na mama huyu.

Akaenda mjini na pete yake ya ndoa. Serikali ilikuwa na maduka yaliyoitwa Torgsin, yaliyopokea dhahabu na fedha na kutoa unga na vyakula vingine. Maelfu na maelfu ya wanawake walipeleka huko pete zao, hereni, na misalaba midogo waliyovishwa siku ya ubatizo. Alirudi na unga kidogo. Akauchanganya na magome yaliyopondwa, na mbegu za magugu, na majani ya mti, akaoka kitu alichokiita mkate kwa sababu watoto walitaka kusikia neno hilo. Majira ya kuchipua ya mwaka 1933, wawili kati ya watoto wake wanne walifariki. Gari la kukokotwa lilipita likikusanya maiti, wakazikwa katika shimo la pamoja, bila padre na bila msalaba. Wataalamu wa hesabu za watu wanakadiria kwamba waliokufa katika Ukraine wakati ule ni karibu milioni 4. Waukraine wanaliita tukio hilo Holodomor, yaani mauaji kwa njaa.

Huenda msikilizaji anatuuliza: kwa nini chombo cha unga cha Sarepta hakikupunguka, na cha mama huyu kikaisha? Swali hilo ni la haki, na anayelijibu haraka afadhali angenyamaza. Tunasema neno moja tu. Mungu hakuwanyima watu wale ngano. Mavuno yalikuwa hafifu, lakini yalikuwapo. Na katika mwaka ule ule wa 1933 zaidi ya tani milioni 1 za nafaka ziliuzwa nje na dola ile. Udongo ulitoa, watu wakachukua. Anayemshitaki Mungu kwa njaa ile atazame kwanza ni mikono ya nani iliyokuwa imeshika ile fimbo ya chuma. Na bado, baada ya kusema hayo, machozi ya mama yanabaki, nayo hayajibiwi kwa hoja.

Lile lililofuata ndilo hasa lililotufanya tumchague kwa tafakari ya leo. Mama huyu alikatazwa kukumbuka. Njaa haikutajwa magazetini, haikuandikwa shuleni, na aliyeisema hadharani aliweza kushitakiwa kwamba anaitukana serikali. Mwaka 1937 serikali ilifanya sensa, na kati ya maswali lilikuwamo hili: wewe ni muumini au si muumini? Jambo la ajabu ni kwamba, katikati ya hofu ile yote, zaidi ya nusu ya watu wazima wa nchi nzima ya Kisovyeti waliojibu swali hilo walisema kwamba ni waumini. Tunamwona mama yetu mlangoni, mwandishi ana kalamu mkononi, naye anasema ndiyo. Sensa ile ilifutwa, na wakuu wake wakakamatwa, kwa kuwa idadi ya watu ilitoka pungufu mno. Hivyo hesabu ya waliokufa na hesabu ya walioamini zilifichwa pamoja katika makabati yale yale.

Vita vikaja mwaka 1941. Mume akaenda na hakurudi. Wanaume hawakuwapo na farasi hawakuwapo, basi wanawake walilima kwa ng'ombe wa maziwa, na mahali pengine walijifunga kamba wenyewe wakavuta jembe. Njaa nyingine ikapita mwaka 1946 na 1947. Kwa miaka mingi katika kolkhozi siku zake za kazi ziliandikwa kwa vijistari daftarini, na malipo yake yalikuwa nafaka kidogo mwisho wa mwaka. Malipo ya uzeeni kwa wakulima kama yeye yalianza tu mwaka 1965, nayo yalikuwa madogo. Kipande chake cha bustani nyuma ya nyumba, pamoja na ng'ombe mmoja, ndivyo vilivyomlisha.

Lakini alipopata ngano, hata kikombe kimoja, sehemu yake alikuwa ameshaitenga. Wakristo wa Mashariki wana desturi ya kuwaombea marehemu kwa chakula kiitwacho kolyvo: ngano nzima iliyochemshwa na kutiwa asali. Inawekwa mbele ya msalaba, sala zinasemwa, kisha wote wanakula. Maana yake imetoka katika Injili ya Yohane, sura ya 12, ambamo Bwana anasema juu ya punje ya ngano inayoanguka katika udongo na kufa ili izae. Sisi tunaisikia Injili hiyo, tunaitikia, tunakwenda nyumbani. Mama huyu alichemsha ngano kwa ajili ya watoto waliokufa kwa kukosa ngano. Hatujapata kusikia katekesi juu ya ufufuko wa wafu iliyo nzito kuliko sufuria ile. Alifunga mapazia kwanza, kwa sababu ya majirani.

Ndipo akawa bibi. Mwanawe aliyebaki alikuwa na cheo kidogo shuleni, na mwalimu aliyembatiza mtoto wake aliweza kupoteza kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Krushchov alipofunga makanisa mengi tena, waliobatiza watoto walitakiwa kuonyesha vitambulisho na kuandikwa, na orodha zikafika kwa wakuu wa kazi. Basi bibi alifanya walivyofanya mabibi wengi. Wazazi waliposafiri, alimfunga mjukuu katika shuka, akamchukua hadi kijiji kingine ambako padre alikuwapo bado, akambatiza. Wazazi wakirudi hawakuulizwa kitu, nao hawakuuliza. Wengine walijua na wakashukuru kimya kimya kwa kutojua. Mtume Paulo, akimwandikia Timoteo mara ya pili, anaitaja imani iliyokaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Katika nyumba nyingi za Ukraine ya wakati ule, imani ilimruka Eunike ikatoka kwa Loisi moja kwa moja hadi kwa Timoteo.

Mjukuu alimwona bibi yake akifanya mambo asiyoyaelewa. Baada ya kula, alikusanya makombo mezani kwa ukingo wa mkono, akayaweka kiganjani, akayala yote. Hakuwahi kutupa mkate, hata ulioota ukungu. Chini ya kitanda alikuwa na mfuko wa mkate mkavu. Mtoto alipouliza, alijibiwa: kula, mwanangu, usiulize. Huo ndio upendo wa mtu aliyejua kwamba neno moja la mtoto darasani lingeweza kuwaangamiza wote.

Na katika duka la kijiji, katika foleni ya sabuni na mafuta ya taa, alisimama miaka 40 nyuma ya mtu mmoja aliyewahi kuingia nyumbani mwake na fimbo ya chuma. Waliojaliwa kusamehe walisamehe, na wengine walifika kaburini wakiwa bado wanapigana na jambo hilo mioyoni mwao. Tunajihadhari sana na wahubiri wanaowaamuru waliodhulumiwa wasamehe kabla ya Jumapili ijayo. Msamaha ni amri ya Bwana, lakini Bwana mwenyewe ndiye anayemtembeza mtu hadi huko, na safari nyingine huchukua miaka 40.

Mwaka 1987 wakuu wa Ukraine walikiri hadharani kwa mara ya kwanza kwamba njaa ilikuwapo, na baada ya hapo wazee wakaanza kufungua vinywa. Bibi alikuwa amekwisha kupita miaka 80. Akamwita mjukuu wake, ambaye sasa ni mtu mzima, akatoa nyuma ya picha takatifu kijitabu kidogo kilichochakaa. Watu wa huko huwa na vijitabu vya namna hiyo vyenye majina ya marehemu, wanavyompa padre ili ayasome katika ibada. Humo mlikuwa na jina la mumewe, wazazi wake, na kaka yake aliyepelekwa Siberia. Mlikuwa pia na majina mawili ambayo mjukuu hakuwahi kuyasikia: baba yake alikuwa na dada na kaka ambao hawakutajwa katika nyumba ile kwa zaidi ya miaka 50.

Tangu mwaka 1998 taifa lile limetenga siku moja ya kuwakumbuka waliokufa kwa njaa, nayo huangukia Jumamosi ya nne ya Novemba. James Mace, yule tuliyemtaja, alipendekeza mwaka 2003 kwamba jioni ya siku hiyo kila nyumba iwashe mshumaa dirishani. Wameshika desturi hiyo. Katika mji wa Kyiv, penye makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2008, iko sanamu ya msichana mwembamba aliyekumbatia masuke matano kifuani. Marehemu Papa Fransisko aliikumbuka njaa ile katika katekesi yake ya tarehe 23 Novemba 2022, akiiita mauaji ya kimbari yaliyosababishwa kwa makusudi na Stalin, na akayaunganisha na mateso ya vita vilivyoanza Februari mwaka ule. Wakati huo huo sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa tukilalamikia bei ya mkate na mafuta ya kupikia, kwa sababu meli za ngano na alizeti zilikwama katika Bahari Nyeusi. Wachache walijiuliza ngano ile ililimwa na bibi gani.

Novemba hii, katika parokia zetu nyingi, zinagawiwa bahasha za kuandikia majina ya marehemu. Wazee wa jumuiya ndogo ndogo watusaidie hapa. Wako katika ukoo watu ambao majina yao hayatamkwi: aliyekufa gerezani, aliyekufa kwa aibu, mtoto aliyefariki mwaka wa njaa na mama yake akakatazwa kumlilia. Bibi zenu wanayajua majina hayo. Kaeni nao jioni hii kabla hawajalala, mkiwa na karatasi na kalamu, muwaulize mmoja mmoja, na mwandike wanavyowatajia. Chini ya majina ya ukoo wenu acheni mstari mmoja, muandike humo: watoto wawili wa Poltava.